Kabla hujamwandikisha mtoto Jenerali

Mdogo wangu,

Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nikamwekea mama, hakucheka. Ya tatu nikaona heri nikuandikie, tena hapa mbele ya watu, maana wenye mawazo kama yako si wachache huku Bukavu wala huko kwenu Goma. Unasema mtoto ataitwa Jenerali. Na Kaporali, jina la babu lililopita kwa baba likakufikia wewe, unalikatia hapo, eti hutaki mwanao abebe cheo cha watu wa kutumwa maji.

Babu hakuzaliwa Kaporali, unajua. Wazazi wake walimpa jina la Kishi, la kabila letu, na bibi peke yake ndiye aliyekuwa akilitamka, tena akiwa amekasirika. Kaporali alilipata Force Publique, jeshi la Wabelgiji huku Kongo wakati wa ukoloni. Alikuwa kati ya wale waliopanda na jeshi la Kongo kupitia Sudan hadi Ethiopia, wakawapiga Waitalia kule Saio, na tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Gazzera akasalimu amri. Kambi Saio unayoijua tangu utoto, ile tuliyokuwa tukipita mbio kwa kuogopa basoda, yaani wanajeshi, imebeba jina la mahali hapo. Aliporudi, watu walimwita kwa cheo chake, na karani wa Mbelgiji akaandika alichosikia. Ndivyo cheo kilivyogeuka ukoo.

Usikidharau. Katika jeshi lile, Mkongomani hakuruhusiwa kuwa ofisa. Maofisa wote walikuwa wazungu mpaka uhuru ulipofika, 1960. Hata Mobutu alitoka jeshini akiwa sajenti tu. Ulihitajika uasi wa askari, siku chache baada ya tarehe 30 Juni, ndipo Lundula, askari wa zamani ambaye hakuwahi kuwa ofisa, akafanywa jenerali, na Mobutu akarukia kanali. Babu alikuwa ameshavua magwanda zamani. Kwa hiyo unapopima kaporali ya babu, ipime kwa dari ya nyumba aliyokuwamo, usiipime kwa dari ya leo ambapo majenerali hatuwamalizi kuwahesabu.

Halafu tuje kwenye maneno yenyewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema Jenerali «lina maana kubwa». Kaporali Wafaransa walilichukua kwa Waitalia, na kwa Waitalia capo ni kichwa. Ni kichwa cha kundi dogo la askari, sawa, lakini ni kichwa. Jenerali je? Halina kichwa wala miguu, ni kivumishi! Zamani walisema kapiteni jenerali, yaani kapiteni wa wote, wa jumla. Watu wakachoka na urefu, wakaliangusha jina wakabaki na mkia. Unataka kumvua mtoto kichwa ili umvike «kwa jumla».

Wengine nao wana yao. Sajenti, kwa asili yake ya Kilatini, ni mtumishi. Luteni ni mtu anayemshikia mwenzake nafasi. Anayenifurahisha kuliko wote ni Marshali: katika lugha ya kale ya Wajerumani alikuwa mtumwa wa kutunza farasi, na mpaka leo Mfaransa akisema maréchal-ferrant anamaanisha fundi wa kupigilia farasi viatu vya chuma. Cheo hicho ndicho alichovikwa Mobutu 1982, kwa sherehe. Na soda wetu? Ametoka kwa soldat, naye soldat ametoka kwa soldo, sarafu: mtu anayepigana kwa kulipwa. Wake za wanajeshi wanaongoja solde, mshahara wa jeshi, kambini wanaweza kuimalizia wenyewe sentensi hii.

Nikupe moja la ziada, halihusu ukoo wetu ila limeninyima usingizi. Afande tulizoea kulisikia huku tangu AFDL, waasi wa Kabila waliomwangusha Mobutu, ilipoingia Bukavu, Oktoba 1996. Neno ni la Kituruki, efendi, bwana, na Waturuki walilipata kwa Wagiriki, authentes, mwenye mamlaka yake mwenyewe. Shina hilo hilo ndilo lililozaa authenticité, siasa ya Mobutu iliyotunyang'anya majina ya ubatizo mwaka 1972. Mobutu alifukuzwa na vijana waliokuwa wakiitana kwa neno lililo ndugu wa siasa yake.

Na kama unadhani ukimpa mtoto jina la Kikristo umemtoa vitani, simama mlangoni mwa parokia yoyote Jumapili uite: Gérard, mkuki imara. Gertrude, nguvu ya mkuki. Roger, mkuki wenye sifa. Louis, mpiganaji mashuhuri. Mathilde, hodari wa vita, naye yuko mstari wa mbele akiongoza kwaya. Jina lako mwenyewe la ubatizo, ambalo umenikataza nisiliandike, lina mkuki ndani yake, usinitazame hivyo. Ila Georges, mtakatifu yule mwenye farasi na mkuki ambaye askari wamemfanya wao, jina lake kwa Kigiriki ni mkulima.

Sasa niseme kinachonikwaza mimi mwenyewe. Kwenye avenue yetu yuko mtu anayetengeneza simu, unamjua, ndevu zimeanza mvi na bado anaitwa Kadogo. Alipewa jina hilo akiwa na bunduki iliyomzidi urefu. Hilo si cheo, ni kipimo cha mwili wa mtoto. Sijasikia mtu akimuuliza jina alilopewa na mama yake. Watoto wake amewaita Amani na Murhula, yaani amani mara mbili, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha yetu, kana kwamba moja isingetosha. Yeye jina la jeshi ameamua liishie kwake, na sina neno la kumwambia. Ungenitumia sauti ukasema, yaya, dada yangu, nataka kufanya kama Kadogo, ningefunga mdomo na kumtuliza mama. Lakini wewe hukatai vita. Wewe unaomba kupandishwa cheo.

Isitoshe, karani wa komini, ofisi utakakomwandikisha mtoto, anaweza kukurudisha. Kanuni ya familia ya 1987 inataka jina litoke katika utamaduni wa Kongo, na inakataza jina la uchokozi. Kaporali limeshakaa kwetu vizazi vitatu, limekula bugali na sombe, nani atalikataa? Jenerali itabidi ulitetee dirishani, na mimi sitakuwapo.

Mtoto ana siku 71 leo. Kumwandikisha bure ni mpaka siku ya 90, ukichelewa utaanza safari za mahakama. Jumamosi napanda boti, nitakuletea sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, na ile picha ya babu yenye kofia, uitazame kabla hujaenda komini.

Mama anauliza kama mtoto ananyonya vizuri. Katika dakika saba za sauti yako hukusema.

Dada yako