Tupeni ruhusa ya maandishi, mchicha tutapanda wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba bustani za mboga zinazochipuka katika mitaa ya Dar es Salaam ni uchafu, zinafuga mbu, zinalishushia jiji hadhi, na dawa yake ni kufyekwa. Kuna jambo moja ana haki nalo, nitalifikia. Kwa mengine naona anautazama mtaa akiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Mimi naishi Temeke, kwenye nyumba zile za vyumba sita na korido katikati, choo cha uani, wapangaji wengi kuliko wenye nyumba. Kati ya nyumba zetu kuna kipande cha eneo la wazi. Kwa miaka mingi kilikuwa dampo: pampasi, vifuu vya nazi, makopo, godoro la mtu aliyehama usiku. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi tuliyoizoea tangu Rais Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru za Desemba 9, 2015 ili watu washike mafagio, tulitoka na reki, tukakusanya, tukachoma, tukarudi ndani. Haikumaliza wiki, dampo limerudi. Nani ataona haya kutupa taka mahali pasipo na mwenyewe?

Wenyewe walipatikana hivi. Kina mama wawili wa nyumba ya kona walichomeka matembele, kwa sababu matembele hayana gharama: unakata vipande vya shina kwa jirani, unachomeka, mvua inamalizia kazi. Vijana wa bodaboda waliokuwa wakisubiria abiria pale wakachoka kukaa juu ya taka huku mbele yao panaota kijani, wakasafisha upande wao. Samadi ilitoka kwa mfugaji wa kuku wa nyama wa mtaa wa pili, ambaye kumbe alikuwa akimlipa mtu wa mkokoteni akaitupe. Leo pana matuta ya mchicha, chainizi na mnavu, majani ya maboga yanatambaa kwenye uzio wa makuti, na ndizi mbili tatu zimesimama pale maji ya kuogea yanapotokea.

Mchicha una mambo yake. Mbegu yake ni ndogo mno. Ukiimwaga hivi hivi inaota rundo sehemu moja na kwingine panabaki kipara. Inatakiwa uichanganye na mchanga mkavu kwanza, ndipo utembeze mkono juu ya tuta. Hili hatukulisoma popote. Alitufundisha mzee mmoja mpangaji, mtu wa Lushoto, ambaye kabla ya hapo mtaa mzima ulimfahamu kama "yule mzee wa chumba cha nne" na basi. Siku hizi akipita na keni ya kumwagilia anaitwa Mwalimu, na watoto wanashindana kumbebea ndoo. Majani ya mwarobaini anayaloweka yeye mwenyewe usiku kucha, anachuja, ananyunyizia dhidi ya viwavi, na akikukuta umeshika dawa ya duka atakuuliza kama umechoka kuishi.

Hapa ndipo msomaji mwenzangu alipopitiwa. Ameona majani, hakuwaona watu. Mijini kwetu mpangaji hana mtaa. Anakuja na kitanda na jiko, anaondoka kodi ikipanda, mkutano wa mtaa haumhusu, mjumbe anamjua kwa namba ya chumba. Mwenye nyumba naye ana shamba lake Mkuranga au Kisarawe, hana haja na mchicha wa hapa. Lakini zamu ya kumwagilia haiulizi nani ana hati. Anayemwagilia siku yake anachuma wa kula; unaobaki unauzwa kwa mafungu na pesa inalipia maji. Basi mwenye nyumba na mpangaji wake wanajikuta wameinama tuta moja saa kumi na mbili asubuhi, na ni vigumu kidogo kumpandishia kodi bila maelezo mtu uliyeng'oa naye magugu jana. Sisemi haiwezekani.

Tumegombana pia, asije mtu akadhani ni pepo. Kuku wa jirani walikula miche ya chainizi yote ya kitalu kimoja. Kuna mtu alivuna usiku, na kila mtu akawa na jina lake kichwani. Mwenye kuku alinuna, akawa anapita upande wa pili wa barabara. Lakini ilibidi watu wakae kwenye mkeka, waitane, walaumiane na wapatane, na wale walioishi ukuta kwa ukuta bila kujuana walau safari hii waligombana kwa majina. Kuku sasa wanafungwa mpaka saa nne.

Matunda ya kujuana huko tuliyaona mpangaji mmoja alipofiwa na mkewe. Zamani angehangaika peke yake na gari la kusafirisha mwili, sisi tukichangia elfu mbili mbili kwenye kundi la WhatsApp na kuandika "pole sana". Safari hii watu walijua kwao ni wapi, kaka yake nani, marehemu alikuwa na deni la Vikoba kiasi gani. Sufuria kubwa zilitoka nyumba tatu tofauti, kina mama wakaingia bustanini na visu, na mboga ya msiba hatukuinunua. Mwezi wa Ramadhani uliofuata sahani za futari zilianza kuvuka ua kwenda kwa Wakristo, na kama mnavyojua sahani ya jirani hairudishwi tupu. Krismasi ilirudi na pilau. Sasa tunakula kikoa kila baada ya muda, kila nyumba na chakula chake: huyu muhogo wa nazi, huyu dagaa wa Kigoma, yule ugali. Mboga ni ya wote.

Na wala hatukubuni kitu kipya. Wazee wa jiji hili wanakumbuka Kilimo cha Kufa na Kupona cha 1974, njaa ilipobisha hodi na Serikali yenyewe ikahimiza hata watu wa mjini walime kila palipo wazi. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 zilimruhusu mtu kulima hadi ekari 3, kwa hiyo tusiongee kana kwamba tuta la mchicha ni kosa la jinai. Makadirio yaliyofanywa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani kwenye masoko ya Dar es Salaam zilitoka humu humu jijini na pembezoni mwake. Anayetaka bustani zifyekwe atuambie pia fungu la mchicha litatoka wapi na litafika kwa bei gani, maana mchicha si kitunguu. Hausafiri siku mbili ndani ya lori.

Wenzetu wameliona. Kibera, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, familia nyingi zilipanda sukuma wiki na spinachi kwenye magunia yaliyosimamishwa mlangoni, na watafiti waliofuatilia bustani hizo za magunia walikuta kwamba pamoja na mboga, wakulima walikuwa wamepata watu wa kuwategemea. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Rwanda ina umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, Jumamosi ya mwisho wa mwezi kama siku yetu ya usafi, ila wao wanaitumia pia kujengea kaya maskini bustani za jikoni. Si jambo la nchi maskini tu: Todmorden, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, tangu 2008 wakazi wanapanda mboga na viungo kando ya njia na hata mbele ya kituo cha polisi, apitaye anachuma bure. Walianza bila kumuomba mtu ruhusa. Halmashauri yao, badala ya kuleta greda, ikaweka utaratibu wa kuwapa wananchi leseni ya kutumia ardhi ya umma iliyolala.

Sasa lile ambalo msomaji mwenzangu ana haki nalo: maji. Utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta madini mazito, ikiwamo risasi, kwenye mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, na sidhani mito hiyo imekuwa misafi tangu hapo. Mboga iliyomwagiliwa maji ya mtaro unaopita gereji haifai kuliwa hata ingependeza vipi. Vile vile madimbwi ya kuchotea maji yakiachwa wazi yanazaa mbu, hilo halina ubishi. Lakini dawa ya hayo inajulikana. Udongo na maji vipimwe. Palipoharibika watu wapande maua au miti, au walime kwenye magunia yenye udongo wa kutoka kwingine. Dimbwi lifukiwe na watu wapewe bomba. Afisa afya wa kata akija na karatasi ya vipimo tutamsikiliza kuliko akija na mgambo.

Kinachotukwaza ni kingine kabisa. Tulipokwenda kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuomba ruhusa ya kuendelea kutumia kile kipande, tuliambiwa tusajili kikundi, tuandike katiba, tufungue akaunti benki, tuwe na mhuri. Tukauliza, tujisajili kama kikundi cha nani? Dirisha lililopo ni la mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nayo ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni mpango mzuri, haukututenga sisi kwa makusudi. Ila Mwalimu wetu wa Lushoto amepita sitini na ni mwanaume. Mfugaji wa kuku ana miaka hamsini. Mtaa ni mchanganyiko wa kila namna, ndiyo maana ni mtaa. Na kubwa zaidi, hatukuomba mkopo. Tuliomba karatasi.

Bila karatasi kila siku tunalima kwa wasiwasi. Anaweza kutokea mtu Jumatatu na mawe, mchanga na nondo, akasema eneo amegawiwa, na sote tunajua maeneo ya wazi ya jiji hili yalivyoisha. Ndiyo maana hakuna anayethubutu kupanda mwembe wala kuchimba karo la kuvunia maji ya mvua. Tunapanda vya wiki tatu, tunavuna, tunatazama barabarani.

Wala hatutafuti mfadhili. Nimeona miradi inayozinduliwa kwa hema, viti vya kukodi na bango lenye nembo nne. Mwaka wa pili limebaki bango.

Wenyeviti wa mitaa walioingia baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 wanaweza kulianza jambo hili bila bajeti. Waorodheshe maeneo ya wazi yaliyobaki katika mtaa, waisome orodha hiyo mbele ya mkutano wa hadhara ili kila mkazi, mpangaji akiwamo, ajue kipi ni cha umma. Kisha halmashauri itoe kibali cha maandishi, chenye mhuri, cha miaka mitatu kwa majirani watakaokubali kulitunza eneo, kwa masharti yanayoeleweka: hakuna kujenga, hakuna kuuza, maji yapimwe, njia ibaki wazi, na Serikali ikilihitaji itoe notisi ya msimu mmoja ili watu wavune kwanza. Ukurasa mmoja unatosha. Sisi wa mtaa wetu tumeshauandika, wino wa bluu, majina na saini za nyumba kumi na moja. Unasubiri mhuri.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam