YAH: Sarafu yangu ya Carson City iliyosuguliwa kaunta kwenu

Kwa Meneja wa Tawi,
Houston, Texas.

Ndugu Meneja,

Salamu. Naandika kuhusu sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya mwaka 1876, yenye herufi CC, alama ya kiwanda cha sarafu cha Carson City, Nevada, chini ya mkia wa tai, niliyoileta ikadiriwe bei. Masharti yenu ya kushika sarafu za wateja mnayajua kuliko mimi.

Kijana wenu aliitoa kwenye kifuko kwa vidole vitupu, akaipulizia pumzi, akachukua kitambaa cha miwani na kusugua shavu la Bibi Uhuru, yule mwanamke aliyechorwa upande wa mbele. Nikapaza sauti aache. Akacheka, eti anaing'arisha kidogo tu.

Anaing'arisha! Sehemu 90 kwa 100 ni dhahabu, iliyobaki shaba; ni laini, na ule wekundu wake ulijijenga taratibu kwa karibu miaka 150. Hakuna mkusanyaji anayelipia mng'aro. Wapimaji wa ubora wameshairudisha bila namba ya daraja, wameandika tu kwamba imesafishwa. Msimamizi wenu naye, kwa simu, akanifariji kwamba uzito haujapungua. Uzito! Ningetaka gramu 33 za dhahabu ningenunua mkufu. Nililipia herufi mbili za kiwanda kilichoacha kupiga sarafu mwaka 1893.

Na kabla sijamkabidhi nilimwomba, kwa adabu kabisa, aishike ukingoni. Narudia, maana huenda barua pepe yangu mliisoma haraka: aliipulizia pumzi. Akasugua. Nilipomwambia acha, akaigeuza akasugua na upande wa tai, huku ananitazama usoni. Mikwaruzo iko pande zote mbili, iinamisheni chini ya taa mjionee.

Mwanzoni niliomba tofauti ya bei tu. Mkanyamaza. Sasa nataka thamani yake yote ya soko kabla haijaguswa, ada ya upimaji, na barua ya kuomba radhi yenye sahihi yako wewe, si ya kijana. Sarafu yenyewe inabaki kwangu kama ushahidi. Hundi isipofika ndani ya siku 14, nakwenda mahakama ya madai madogo, ambayo hapa Texas hupokea madai hadi dola 20,000, na nakala itafika kitengo cha kulinda walaji cha Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Video za kamera ya kaunta msizifute. Nitaziomba mbele ya hakimu.

Mteja wenu,
(jina na nakala ya risiti vimeambatishwa)