Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wasaidizi wa Kisheria

Ndugu wanachama,

Akidi imetimia. Hesabu atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa. Nitaeleza kazi iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu: kusoma hukumu zenyewe badala ya kutegemea tulivyosimuliwa.

Tulianza na kesi ya Ephraim dhidi ya Pastory ya kule Kagera, kwa kuwa ardhi ya ukoo ndiyo inayotuletea watu wengi. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, na mwaka 1988 akamuuzia mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Ephraim, ndugu wa ukoo wake, akashtaki, na Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo ikifuata sheria za mila zilizoandikwa 1963: mwanamke ale mazao ya shamba, kuuza asiuze. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema katazo hilo linagongana na haki ya usawa iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Lakini hakuifuta haki ya ukoo. Mwanamke auze kwa masharti yaleyale ya mwanamume, na ukoo ukitaka kulikomboa shamba, umrudishie mnunuzi fedha zake. Kipande hicho cha mwisho semina nyingi hukiruka, nacho ndicho kinachowafanya wazee watusikilize.

Ya pili ni kesi ya Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana aliyeishtaki Serikali, kuhusu Sheria ya Ndoa ya 1971. Vifungu vya 13 na 17 vinaruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na wa 14 kwa kibali cha mahakama, ilhali mvulana asiye na kibali hicho anasubiri 18. Serikali ilijitetea kwamba ndoa humkinga binti na mimba za nje ya ndoa (utetezi huo tuliusoma mara mbili, na bado kuna waliocheka). Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali.

Wanachama wengi wameuliza kwa nini basi vifungu havikufa siku hiyohiyo. Jibu liko Ibara ya 30(5) ya Katiba ya nchi: mahakama inaweza kuipa Serikali muda wa kurekebisha sheria badala ya kuitangaza batili. Ilitoa mwaka mmoja. Oktoba 2020 ikafika, Bunge halijabadilisha kitu. Kwa maoni yangu, huo ndio udhaifu mkubwa wa ushindi wa aina hii, na tusiwaambie wananchi kwamba sheria imeshafutwa.

Yapo ya kushika kwa sasa. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanamfunga hadi miaka 30 anayemuoa mwanafunzi. Anayebaki hatarini ni binti aliyemaliza la saba na hakuendelea, maana si mwanafunzi tena. Huyo ndiye wa kumfuatilia, na mtendaji wa kijiji ahusishwe kabla mahari haijapokelewa.

Mwakani kamati inapendekeza tusome hukumu za Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, tukianza na ya Mtikila ya 2013 kuhusu mgombea binafsi, yaani asiyedhaminiwa na chama. Nakala zitakaa kwa katibu. Anayeazima aandike jina daftarini. Wenye ada ya nyuma wamwone mweka hazina kabla ya uchaguzi wa viongozi mchana huu, kwani katiba yetu haiwaruhusu kupiga kura wakiwa na deni.

Mwenyekiti