Nyumba yako ina miaka mingapi? Kwanza tujibu hilo, bei baadaye

Mteja mmoja ametuandikia kwa hasira. Tulimpa bei ya kutengeneza ukuta mmoja wa sebule, akailinganisha na ile tuliyompa mdogo wake kwa ukuta wenye futi za mraba zilezile, akakuta yake ni karibu mara mbili. "Mmeniona nina pesa," akasema. Si wa kwanza kutuambia hivyo, kwa hiyo wacha tulijibu hapa, na atakayeuliza kesho tutamtumia aje asome.

Nyumba ya mdogo wake ina miaka 6: tofali za saruji, msingi wa zege, na ile karatasi nyeusi ya kuzuia unyevu chini ya mstari wa kwanza wa tofali. Yake ilikuwa nzee kabla yeye hajazaliwa. Ni mawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, kuta nene hata ukikaa dirishani miguu haining'inii nje. Karatasi nyeusi haipo. Waliojenga hawakuisahau, walikuwa na njia yao: maji yakipanda kutoka ardhini, yanatokea kwenye plasta ya chokaa na kupeperuka. Chokaa ina vitundu vidogo, inapitisha unyevu. Ukuta unaloa kidogo, unakauka, miaka nenda miaka rudi.

Sasa anakuja fundi wa haraka. Anaona plasta inadondoka, anatindua, anapiga saruji na mchanga, juu yake rangi ya mafuta. Siku ya kukabidhi, ukuta unang'aa na kila mtu anafurahi. Ila maji hayajaambiwa yaache kupanda. Mlango umezibwa, basi yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yakibeba chumvi ya ardhini. Baada ya misimu miwili hivi doa linatokea juu ya pale palipotengenezwa, rangi inavimba malengelenge, plasta ukiigonga inalia kama debe tupu. Mwenye nyumba anamwita fundi wa pili, naye anapiga saruji nene zaidi.

Huyu mteja wetu alikuwa ameshapitia mafundi wawili wa namna hiyo. Kwa hiyo bei yetu ilikuwa na kutindua tabaka mbili za saruji bila kung'oa mawe yaliyo nyuma yake, kuuacha ukuta wazi wiki kadhaa ukauke, kuusugua chumvi kwa brashi kavu (ukiiosha kwa maji unairudisha ndani), halafu tabaka tatu za chokaa, kila moja ikisubiri mwenzake. Chokaa hugandishwa na hewa ya ukaa, polepole, na hakuna feni ya kuiharakisha. Mdogo wake tulimpigia plasta Jumanne, Alhamisi tukaondoka.

Saruji ya Portland, hii tunayotumia leo, ilipata hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) mwaka 1824, huko Uingereza, kwa jina la Joseph Aspdin. Kabla ya hapo watu walikuwa wamejenga kwa chokaa maelfu ya miaka. Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba ya zamani "ilijengwa vibaya" namwomba aiguse ndani saa nane mchana. Kuta nene hupokea joto taratibu, na likifika ndani jua limeshazama. Halafu nyumba hiyo imeshamaliza kudidimia na kutulia kwenye ardhi yake. Mzee mmoja alitaka kubomoa chumba kizima kwa sababu ya ufa. Tulibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta, tukaandika tarehe kwa penseli, tukaondoka. Tulirudi mvua zilipopita, kioo kizima. Ufa ulikuwa wa zamani, hauendi popote. Tulimwambia azibe, apige rangi. Kazi ile ilitulipa nauli tu, lakini chumba bado kimesimama.

Sisemi nyumba kongwe haina ubaya. Nyingine bado zina nyaya zilizovikwa mpira na kitambaa, na hapo mara nyingi hakuna waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Ukikuta hivyo usibadilishe soketi tu, mwite fundi umeme avute nyaya upya. Rangi zake za chini zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Marekani ilizipiga marufuku kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978 tu. Tumewahi kumkuta baba kijana anapiga msasa wa mashine kwenye fremu za dirisha, vumbi jeupe limejaa kwenye kitanda cha mtoto. Tulizima mashine kabla ya kusalimiana.

Zinazotusumbua zaidi, kusema kweli, ni nyumba za katikati, zile za miaka 40 au 50. Hazina unene wa zile za kale wala karatasi za zile mpya. Ndizo zenye zege ambalo nondo ziliachwa karibu mno na uso wa nje. Unyevu ukifika, nondo inashika kutu, na kutu inataka nafasi mara mbili na zaidi ya chuma chenyewe, kwa hiyo zege linapasuka kutoka ndani. Kuziba ufa wa namna hiyo kwa skimu (plasta nyembamba ya juu) ni kufunika jeraha lenye usaha. Ndizo pia mara nyingi zenye bati za asbestosi. Kama ni nzima, ziache. Usizitoboe, usizikate, usizifagie, vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Na mabomba. Mama mmoja alilalamika maji ya bafuni yanatoka kwa kudondoka. Tulimwambia mabomba yake ya mabati yamefika mwisho, tukampa bei ya kuyabadilisha. Aliiona kubwa, akanunua pampu. Siku ya nne alitupigia simu usiku, maji yakishuka kwenye dari. Tulipokata kipande cha bomba lile, tundu lililobaki katikati ya kutu halikupitisha hata penseli. Pampu ilikuwa ikisukuma maji dhidi ya ukuta wa kutu. Aliishia kulipia mabomba, dari, na pampu ambayo sasa iko stoo.

Mwenye nyumba mpya naye asicheke. Nyumba mpya imejaa maji: ya zege, ya plasta, ya saruji iliyoshika tofali. Zege linamwagiliwa siku 7 za mwanzo, linapimwa nguvu siku ya 28, na kukauka linaendelea miezi. Watu wanahamia huku ukuta bado una baridi ya maji, wanasukuma kabati hadi lishike ukuta, wanafunga madirisha yasiyopitisha hewa, halafu wanatuita kwa sababu ya ukungu mweusi nyuma ya nguo. Acha upana wa kiganja, fungua madirisha. Zile nyufa za unywele za mwaka wa kwanza usituite kuzipaka. Plasta inasinyaa ikikauka, na tukiziba leo zitafunguka tena pembeni. Ukiwa bado unajenga, piga picha za mabomba na nyaya kabla jipsamu haijafunika. Picha hizo zitakuokoa siku ya kutoboa ukuta.

Ndiyo maana ukaguzi wetu unalipiwa, hata kama kazi utampa mwingine. Tunakuja na timazi, nyundo ndogo, bisibisi na tochi, tunagonga kila ukuta na kupanda darini. Hiyo ni nusu siku.

Mteja wetu tulimweleza haya yote ana kwa ana, akanyamaza, akasema tuanze. Ukuta wake sasa uko wazi, mawe yanaonekana. Tunapita kila Jumatatu kuupima. Wiki hii bado una maji, kwa hiyo hatujapiga kitu.