Tuchague mimea ya bustani za Kusini mwa Marekani kwa kupima baridi na udongo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wasomaji wanaoishi katika majimbo ya Kusini ya Marekani, kuanzia Texas na Louisiana hadi Georgia na Florida, ambao baada ya kukaa miaka mingi katika nyumba za kupanga wamejaliwa kununua nyumba yenye uwanja, na sasa wanataka kuupamba kwa maua na vichaka. Ninaishi Houston na ninafanya kazi katika kitalu cha miche. Kila majira ya kuchipua huja Watanzania, Wakenya na Wakongo wakiulizia mimea ya nyumbani, na wengi wao huja na hoja iliyokwisha kukomaa: joto la hapa ni lile lile la Dar es Salaam na Mombasa, kwa hiyo kinachostawi kule hakina budi kustawi huku. Hoja hiyo naipinga kwa dhati, maana imewatia hasara watu wengi ninaowafahamu, na wapo waliokata tamaa kabisa wakabaki na majani matupu mbele ya nyumba.

Ni kweli kwamba Julai na Agosti joto la Houston hufika nyuzi 35 na kupita, tena pamoja na unyevu mzito unaotoka Ghuba ya Meksiko, na mtu aliyekulia pwani hujiona yuko kwao. Tofauti huonekana usiku, kati ya Desemba na Machi. Dar es Salaam, hata Julai ambao ni mwezi wa baridi, usiku kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 18 hivi na kuishia hapo. Houston, asubuhi ya tarehe 16 Februari 2021, kipimo kilishuka zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na Dallas siku hiyo hiyo kilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Bogenvilia zilizokuwa zimepanda hadi paani, hibiskasi, mitende ya mapambo, milimau na michungwa ya uani, vyote viliungua kwa jalidi. Wala halikuwa tukio la pekee, kwani Januari 2025 theluji iliifunika New Orleans na kufika hadi pwani ya kaskazini ya Florida. Usiku mmoja wa namna hiyo unatosha kuua kilichokuzwa kwa miaka kumi.

Wizara ya Kilimo ya Marekani imechora ramani inayoigawa nchi katika kanda 13 kwa kufuata baridi, na toleo la sasa lilitoka Novemba 2023 likitegemea vipimo vya mwaka 1991 hadi 2020. Houston iko kanda ya 9, Atlanta kanda ya 8, Miami kanda ya 11, na namba ya kanda huandikwa kwenye kibandiko cha karibu kila mche unaouzwa. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui ni kwamba namba hiyo hupatikana kwa kuchukua usiku wa baridi kali kuliko zote katika kila mwaka na kutafuta wastani wake, kwa hiyo haizungumzii baridi mbaya kuliko zote iliyowahi kutokea. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo baridi inavyokuwa kali zaidi; kanda ya 9 maana yake ni usiku wa nyuzi kati ya 1 na 7 chini ya sifuri. Mwaka 2021 uliuvuka mpaka huo kwa mbali. Kwa sababu hiyo, kwa mimea inayobeba sura ya bustani, yaani miti, ua wa mpakani na vichaka vya karibu na mlango, mimi hushauri mtu wa Houston anunue inayostahimili kanda ya 8, na mtu wa Atlanta inayostahimili kanda ya 7. Miami ni habari nyingine. Kule hata mti wa maua mekundu ambao Watanzania wengi huuita mkrismasi hukua bila wasiwasi.

Sisemi bogenvilia ipigwe marufuku. Ipandwe kwenye chungu, ambacho kwa kweli kinaifaa, kwa kuwa hutoa maua mengi zaidi mizizi ikibanwa na udongo ukiachwa ukauke kidogo kabla ya kumwagiliwa, na usiku wa jalidi chungu kiingizwe gereji. Asumini ile ya kutungia vikuba nayo itunzwe vivyo hivyo. Anayetaka harufu ya namna hiyo ukutani apande Trachelospermum jasminoides, mmea unaotambaa ambao si asumini ya kweli, lakini maua yake meupe ya majira ya kuchipua hunukia hadi barabarani, na hustahimili baridi ya kanda ya 8. Na kwa yule ambaye vichaka vyake vimekwisha kuungua, namsihi asikimbilie jembe. Akwangue gome kwa ukucha. Akiona kijani chini yake, tawi lingali hai, na hata kama matawi yote yamekauka, hibiskasi na oleanda mara nyingi huchipua upya kutoka shinani ifikapo Aprili au Mei. Baada ya baridi ya 2021 niliona watu wakitupa Machi mimea ambayo ingewarudia baada ya wiki chache.

Baada ya baridi ni udongo, na nadhani hapa ndipo pesa nyingi zaidi hupotea. Machi azalea, vichaka vya maua, huchanua kote Kusini, kutoka Charleston hadi Houston, na watu huzinunua zikiwa zimejaa maua, wakazichimbia shimo katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa Houston na kuziacha hapo. Kufikia Agosti huniletea jani. Mishipa yake imebaki kijani kibichi, na nafasi zote katikati ya mishipa zimegeuka njano. Mwenye mmea hudhani ni kiu, akaongeza maji, na maji yakazidi kuubana mfinyanzi. Tatizo ni kukosa chuma: chuma kimo ardhini, lakini udongo usio na tindikali hukishika kiasi kwamba mizizi haiwezi kukichukua, na maji ya bomba ya eneo hili, ambayo nayo hayana tindikali, huzidisha tatizo. Msomaji aliyekulia Kericho, Mufindi au Rungwe ataelewa upesi nikisema kwamba kamelia, ua linalopendwa mno Kusini hata Alabama ikalifanya ua la jimbo mwaka 1959, ni la jenasi moja na mchai, na hutaka udongo wa tindikali kama mchai unavyoutaka. Azalea na gadenia ziko kundi hilo hilo. Zote hupenda pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali inapozidi, ya kati ya 5 na 6, ilhali mfinyanzi wa Houston mara nyingi huzidi 7.

Anayezitaka hata hivyo ainue tuta la kama sentimita 30, alijaze magome ya msonobari yaliyooza vizuri, aichambue mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu, na aupande mche ukiwa juu kidogo ya usawa wa udongo, kwa sababu mizizi ya azalea hukaa juu juu na haivumilii kuzikwa. Katika misitu ya misonobari ya mashariki ya Texas, na katika sehemu kubwa ya Georgia, udongo una tindikali kwa asili na kazi hiyo yote haihitajiki. Kwa hiyo ndugu yako wa Atlanta anapokutumia picha ya azalea zake, picha hiyo haikuambii lolote kuhusu uwanja wako wa Houston. Kamelia, kwa maoni yangu, inastahili taabu hiyo kuliko azalea: ile ya sasanqua huchanua Oktoba hadi Desemba, ile ya japonica huipokea hadi Machi, na bustani hupata maua katika miezi ambayo karibu kila kitu kingine kimelala.

Mti mdogo unaopamba Kusini yote wakati wa kiangazi ni Lagerstroemia indica, wenye maua ya rangi ya waridi, meupe au zambarau, ambao Texas iliufanya kichaka rasmi cha jimbo mwaka 1997. Huvumilia jua kali, ukame na udongo duni, na shina lake likibambuka gome huwa laini na la kupendeza. Linaloniumiza ni kuuona kila Februari ukikatwa vichwa, mashina manene yakiachwa kama magongo yenye vinundu. Sababu yake karibu kila mara ni uchaguzi mbaya wa siku ya kwanza. Aina iitwayo Natchez, iliyotolewa mwaka 1978 na Bustani ya Taifa ya Miti ya Marekani baada ya mtafiti Donald Egolf kuizalisha kwa kuchanganya na jamii ya Kijapani isiyoshambuliwa kirahisi na ukungu mweupe, hufika mita 9. Mtu huipanda chini ya dirisha, kisha hupigana nayo maisha yake yote. Zipo aina zisizozidi mita moja na nusu, na bei yake ni ile ile.

Mnunuzi afikirie pia mmea utakwenda wapi ukishavuka uzio wake. Mpeasi wa maua, Pyrus calleryana, ulipandwa mitaa mizima kwa weupe wake wa majira ya kuchipua, ukaenea mashambani hata South Carolina ikapiga marufuku uuzaji wake kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024. Nandina, yenye vishada vya matunda mekundu, bado inauzwa kwa wingi, ingawa matunda hayo yana sumu ya sianidi na mwaka 2009 ndege kadhaa walikutwa wamekufa Georgia baada ya kuyala kwa wingi. Oleanda ina sumu kuanzia jani hadi mzizi; wenye watoto wadogo au mbuzi waiache.

Badala ya nandina napendekeza Ilex vomitoria, kichaka cha asili cha Kusini ambacho hustahimili maji yaliyotuama, ukame, jua na kivuli. Mmea jike ndio unaozaa, na matunda yake mekundu hubaki tawini wakati wa baridi yakilisha ndege. Wenyeji wa asili wa nchi hii walichemsha majani yake wakayanywa, kwa kuwa yana kafeini kama chai. Kwa chini ya miti mikubwa ninaipenda Callicarpa americana, ambayo Septemba huzaa matunda ya zambarau yaliyozunguka tawi kwa mafungu. Anayeishi San Antonio, ambako hewa ni kavu, atazame Leucophyllum frutescens yenye majani ya kijivu, inayochanua zambarau baada ya mvua. Houston mizizi yake huoza isipopandwa mahali panapopitisha maji vizuri.

Na kwa yule anayetamani kitu cha nyumbani, kipo. Penta, Pentas lanceolata, ni mmea wa Afrika Mashariki kwa asili, na hapa Kusini ni miongoni mwa maua bora ya kiangazi: huchanua Mei hadi jalidi ya kwanza, na vipepeo hawaondoki juu yake. Hugharimu dola chache, hivyo baridi ikiiua hakuna msiba. Katika Houston mara nyingine huchipua tena yenyewe.

Nitashukuru ukiichapisha barua hii kabla ya Oktoba. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kupanda vichaka vya kudumu Kusini, kwa kuwa udongo bado una joto, mizizi huendelea kukua wakati wa baridi, na mmea hulikuta joto la Juni ukiwa umeshika ardhi, ilhali uliopandwa Mei huomba maji kila siku. Ila hibiskasi na wenzake wa nchi za joto wangoje hadi jalidi ipite. Miezi hiyo kitaluni hakuna maua mengi ya kuvutia macho, na wateja wetu wa Kiswahili hawaonekani. Wanaotaka kupanda mwaka huu wapeleke kwanza sampuli ya udongo kwenye maabara ya chuo kikuu cha jimbo lao; Texas A&M na Chuo Kikuu cha Georgia hutoa huduma hiyo kwa ada ndogo, na karatasi ya majibu huonyesha pH, ambayo ndiyo ninayoomba kuiona kabla sijamuuzia mtu azalea.

Msomaji wako,
Houston, Texas