Mama, huku nimefundishwa kuanguka

Leicester, Uingereza

Mama yangu,

Asalaam alaykum. Nashika miguu yako. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, ila baridi. Mkono unaendeleaje? Dada kanambia kwenye simu kuwa plasta imeshatolewa lakini bado huwezi kukuna nazi. Tangu uliposema umeteleza uani ukajikinga kwa kiganja, moyo wangu haujatulia, na ndiyo sababu ya barua hii.

Kila Jumanne jioni mimi na mjukuu wako tunakwenda ukumbi wa mtaa kujifunza judo, ile mieleka ya Kijapani. Usishituke. Nilimpeleka yeye, baada ya wenzake skuli kumvuta mtandio. Mwalimu akanambia hapa wazazi hawakai vitini. Wapo watoto wa miaka sita, na yupo bibi wa miaka 71.

Wiki tatu za mwanzo hatukumwangusha mtu. Tulifundishwa kuanguka. Unachutama, kidevu unakibana kifuani ili kisogo kisifike chini, unajiviringisha mgongo, kisha mkono mzima, toka begani hadi vidoleni, unaupiga kwenye godoro: pwaa! Kiganja hakitangulii. Ukiunyoosha mkono kuupokea mwili, uzito wote unaishia kwenye kifundo, nacho ndicho kinachovunjika. Aliposema hayo nilikuona wewe pale uani. Machozi yalinitoka mbele za watu.

Mjukuu wako yeye kapenda namna ya kujichopoa. Mtu akikushika mkono, ukivuta kurudi nyuma atakushinda nguvu. Tafuta pale kidole gumba chake kinapokutana na vingine, ndipo penye mwanya. Geuza mkono upande huo, kunja kiwiko, chomoa. Halafu piga ukelele ukimbie. Kukimbia wanakusisitiza kuliko kupigana, na mimi nimeridhika nako.

Sasa mdogo wangu, naye nataka ajifunze judo. Nimesikia ami kasema mtoto wa kike hagaragazani. Mfikishie salamu zangu za heshima, na umwambie kuwa wanawake tunafundishwa na mwanamke, nguo ni nzito na pana, na mtandio tunafunga. Kwenye Olimpiki ya London, mwaka 2012, msichana wa Saudia, Wojdan Shaherkani, aliingia ulingoni kichwa kimefunikwa. Alishindwa kwa sekunde 82 tu, lakini aliingia. Tena ami mwenyewe ndiye aliyekuwa akitubeba mabegani Sikukuu ya Idi kumtazama marehemu babu akicheza kirumbizi, ule mchezo wa fimbo, fimbo inashuka kichwani naye keshaikinga. Hakuna aliyesema babu anatafuta ugomvi.

Mwakani mdogo wangu akenda Unguja kusoma, judo ataikuta. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliwaanzishia vijana wa huko tangu miaka ya 1990. Naomba umpe ruhusa, Mama. Mtoto atakuwa peke yake mjini, na mimi niko mbali.

Na wewe mwambie akija likizo akufundishe ule mkao wa kuchutama, taratibu, juu ya godoro, ukishapona sawasawa.

Nimempa jirani anayekuja Wete mwezi ujao sare nyeupe ya judo ya mdogo wangu na mkanda. Nimeikadiria kwa lile gauni lake la Idi. Ikiwa ndefu usimpelekee fundi, isubiri mkono wako.

Mwanao