Raporo ya mwaka ya prezida: viwiko vya protezi na ile lizere nyeusi yenye ilitutisha

Ba membre wote, ba kine (wenye wanazoeza viungo), bantu ya chumba ya radio na ba dada ya plasta, jambo kwenu. Umeme ya hapa Bukavu imerudi sasa hivi tu, njo maana naandika mbio mbio. Kotizasio, wenye walilipa walilipa na wengine wanajijua, tezorye atawasomea mwenyewe kwenye mkutano. Mimi nataka niongelee kiwiko, juu njo kitu ilitugombanisha mwaka muzima.

Venye inaanza munajua. Mutu anaanguka na pikipiki mu tope ya Kadutu, anatanguliza mukono, kichwa ya radiusi (mfupa ya mukono ya chini upande ya kidole gumba, pale inakutana na kiwiko) inapasuka. Kama ni Mason 1 (daraja ya mvunjiko mwepesi) na mfupa haikuhama hata milimeta 2, tunamuchezesha mukono mapema na inaisha. Lakini ikiwa vipande vipande, visi (skurubu) hazishike, na tena kiwiko ilitoka na ligamenti zikakatika, ukitoa kichwa na kuacha wazi unatafuta maneno, radiusi inaweza panda na mutu anaanza lia juu ya kiungo ya chini, karibu na kiganja. Pale njo protezi inaingia, ni kusema kichwa ya bandia yenye tije, ule muguu yake unaingia ndani ya mfupa. Dokta Speed aliandika juu ya kofia ya chuma tangu 1941, kisha ikakuja silikoni, ile ikawa inamomonyoka ndani ya kiungo na kuiwasha, wakaiacha, leo mingi ni chuma.

Sasa ugomvi. Mgonjwa wetu mumoja alifanyiwa operesheni mbali, akatufikia na filmu moja mu mfuko ya plastiki. Mwenzetu akaona lizere nyeusi, ule msitari mwembamba kwenye filmu, kuzunguka tije, akamwambia pale pale «chuma yako imelegea», yule mama hakulala siku mbili, na mimi prezida wenu nilimuunga mkono mwenzetu, nakubali. Tulikosea. Kuna tije laini zenye zinaachwa zicheze kidogo ndani ya mfupa kwa makusudi, kazi yake ni kushika nafasi tu, na lizere kwa hizo ni kitu ya kawaida, mutu anaweza kuwa nayo na anafua nguo bila shida. Tije yenye iligongwa ikabana ni hadithi ingine, pale kama lizere inakua kutoka filmu moja mpaka ingine na mgonjwa anasikia maumivu mu mukono akigeuza kiganja, mrudishe kwa dokta. Na hizo za kubana zinaweza kula mfupa ya shingo ya radiusi kidogo mu mwaka ya kwanza, mara nyingi inasimama yenyewe, musiogope haraka.

Kitu ya kuogopa kweli ni ile haionekane vizuri: protezi ndefu kupita kipimo. Filmu inapendeza, chuma inang'aa, kumbe inasukuma kapitulumu (ncha ya mfupa ya mukono ya juu yenye inagusana na kichwa ya radiusi) kila siku, mfupa ya pale inaanza kulika, kiwiko inakataa kujikunja. Upande ya ndani ya kiungo unaweza usionyeshe kitu mpaka urefu izidi karibu milimeta 6, na kwa bantu wengine upande ya inje uko wazi kidogo tangu kuzaliwa. Kwa hiyo hii mwaka tuliamua: kila mgonjwa wa protezi anapigwa radio viwiko vyote mbili, kile kizima njo kipimo. Wengine walinung'unika juu ya bei ya filmu, na niliwaelewa, lakini kutoa protezi ni bei kali zaidi, na zenye zinatolewa mingi zinatolewa mu miaka 2 ya kwanza.

Ba kine, kwenu. Mayo, ile maksi ya kupima kiwiko, ina pointi 100, na 45 ni za maumivu peke yake, kwa hiyo musiniletee karatasi yenye inasema «85, muzuri» bila kuandika digri. Dokta Morrey alionyesha mu 1981 kama kazi nyingi za nyumbani zinataka kujikunja kutoka digri 30 mpaka 130, na kugeuza kiganja 50 kila upande. Mama mumoja wa Nyawera hafiki 30, ananyoosha mpaka 40 tu, lakini anasonga bugali vizuri na anacheka, mimi kwangu huyo amefaulu hata filmu yake ikiwa na mfupa kidogo yenye imeota penye haitakiwi.

Ile etajere mupya mu ofisi ni ya filmu za kwanza, zile za siku ya operesheni. Wenye wanaweka makoti pale, mutoe kabla ya mkutano.